Viatu Vilivyopanuliwa Mara Tatu

Mdogo wangu ni fundi viatu. Watu wanamwita Gundi. Wateja wapya hudhani ni kwa sababu ya gundi anayopaka kwenye soli. Sivyo. Jina hilo alipewa tangu utotoni, kwa kuwa akikaa mahali habanduki, na mdomo wake nao haufunguki.

Mdomo wa kufunguka ni wangu. Mimi ni dada yake mkubwa, na hadithi hii naisimulia mimi kwa sababu makosa mengi yaliyomo ni yangu.

Duka letu ni chumba kimoja chenye ua mdogo nyuma. Gundi anakaa karibu na dirisha, nyundo mkononi, misumari midomoni. Mke wake, yaani wifi yangu, anakaa kwenye cherehani na kushona ngozi za juu. Mimi nakata soli na kuzungumza na wateja. Watu husema kazi ya pili naiweza zaidi ya ile ya kwanza.

Mwezi ule kiwanda cha mikate kilituagizia jozi arobaini za viatu vya wafanyakazi. Tulikuwa mbio mbio. Nyundo haikunyamaza. Wifi alikuwa na mimba ya miezi minane, na bado alikuwa anashona kutwa.

Angekuwa mtoto wa kwanza wa Gundi, lakini si wa kwanza wa wifi. Alikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa shule ya bweni. Binti huyo alimzaa na mume wake wa kwanza, ambaye alifariki kwa ajali. Basi sisi sote tulijua kwamba wifi kuzaa anakuweza.

Kliniki alikwenda mara moja tu, mimba ikiwa ya miezi minne. Walimpima presha, ikawa nzuri. Baada ya hapo hakurudi. Kila siku ya kliniki ilipofika, kazi ilikuwa imejaa.

"Wifi, leo nilitakiwa kliniki," aliniambia siku moja.

"Ukafanye nini?" nikamjibu. "Ukae kwenye benchi kutwa nzima, halafu uambiwe mtoto anacheza? Si unamsikia mwenyewe anavyocheza?"

Akacheka, akarudi kwenye cherehani. Na mimi nikajiona mtu wa busara.

Mchana mmoja wifi alivua viatu chini ya cherehani. Niliona miguu yake. Mikanda ya viatu ilikuwa imeacha alama nyekundu kwenye ngozi.

"Viatu vimenibana," alisema.

Gundi aliinuka, akachukua kalibu za mke wake kwenye rafu. Kalibu ni ule mguu wa mbao ambao fundi hutengenezea kiatu. Za wifi alizichonga mwenyewe walipooana, na anazipenda kuliko vyombo vyake vyote. Alikata vipande vya ngozi, akavibandika juu ya kila kalibu ili inenepe kidogo. Kisha alilowesha viatu, akavivalisha kwenye kalibu, akaviacha vipanuke.

Kesho yake wifi alivaa. Vikamkaa vizuri.

"Mume wangu mwenyewe!" alisema kwa furaha. Gundi akatabasamu na misumari yake mdomoni.

Baada ya siku saba viatu vilibana tena. Gundi akabandika kipande cha pili. Siku tatu baadaye akabandika cha tatu, na safari hii kilikuwa kinene zaidi.

"Miguu kama hii ni ya mtoto wa kiume," nilisema mbele ya wateja. "Niulizeni mimi. Mtoto wa kike havimbishi hivi."

Wateja walicheka. Wifi hakucheka. Alikuwa anajaribu kuvua pete yake kwa sabuni, na pete ilikataa.

Siku zile alianza kulalamika kichwa. Kilimuuma asubuhi, kikamuuma mchana, na dawa ya maumivu haikukituliza.

"Ni harufu ya gundi," nilisema. "Hata mimi inanipanda kichwani."

Tukahamisha cherehani, tukaiweka mlangoni kwenye upepo. Kichwa kikaendelea kuuma. Kisha akavunja sindano mbili kwa saa moja. Wifi yangu havunji sindano. Huyu ni mtu anayetunga uzi huku anazungumza, bila kutazama.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Naona vitu vinametameta mbele ya macho," alisema. "Na hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu, panauma."

"Hicho ni kiungulia. Mtoto ana nywele nyingi, ndizo zinazokuchoma."

Alinitazama. Uso wake ulikuwa umejaa kama mtu aliyelala sana.

"Wifi," alisema polepole, "mara ya kwanza sikuwa hivi."

Maneno hayo niliyasikia. Siwezi kudanganya kwamba sikuyasikia. Kitu kilinichoma moyoni, lakini nilitazama viatu vya kiwanda vilivyobaki, nikakigeukia kisu changu cha soli. Nilikata soli tatu, zote zikaenda upande. Gundi naye alikuwa amekosa msumari na kujigonga kidole. Hakuna aliyekuwa ametulia humo ndani, na hakuna aliyetaka kusema kwa nini.

"Kalale kidogo nyuma," Gundi alimwambia mkewe. Wifi akaenda kulala kwenye mkeka.

Hapo ndipo mkunga alipoingia.

Mkunga huyu anafanya kazi hospitali ya wilaya. Ni mteja wetu wa miaka mingi. Anakanyaga kwa upande, kwa hiyo kila baada ya miezi michache kisigino cha kulia kinakwisha. Alikuja kuchukua viatu vyake vya kazi. Kimoja kilikuwa tayari. Cha pili Gundi alikuwa bado anakipigilia.

"Fundi, mimi na wewe tutazeeka na kisigino hiki," alitania. Akavaa kile kilichokuwa tayari, akasimama akisubiri kingine. Macho yake yakatembea kwenye rafu.

"Hizi kalibu za nani? Mbona zimevaa makoti?"

Gundi, ambaye huwa hasemi, safari hii alisema. Kazi yake ilikuwa imeonekana.

"Za mke wangu. Viatu vinambana kwa ajili ya mimba. Kipande hiki cha chini nilikiweka siku kumi na mbili zilizopita. Hiki cha katikati, wiki iliyopita. Hiki cha juu, juzi."

Mkunga aliichukua kalibu. Akapitisha kidole kwenye vipande vile vitatu, kimoja kimoja.

"Mara tatu kwa siku kumi na mbili?"

"Ndiyo, sista."

"Presha yake ilipimwa lini?"

Gundi alinitazama mimi. Mimi nilitazama soli.

"Yuko wapi?" mkunga aliuliza, na sauti yake haikuwa na utani tena.

Tulimpeleka ua wa nyuma. Alipiga magoti kando ya mkeka, akabonyeza mguu wa wifi kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo lilibaki. Akamtazama uso na mikono.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Sana."

"Macho?"

"Naona nyota."

"Chini ya mbavu?"

"Hapa." Wifi alionyesha upande wa kulia.

Mkunga aliinuka. "Tunakwenda hospitali. Si kesho. Sasa hivi."

"Sista, nimebakiza jozi tano," wifi alisema. "Nikimaliza jioni nitakuja."

"Mama, jozi hizo zitashonwa na mtu mwingine. Wewe una binti shuleni. Unataka aitwe ofisini kwa mwalimu mkuu kupewa habari?"

Wifi alijiinua, akaketi. Binti yake alikuwa ameshawahi kuitwa ofisini hivyo mara moja, siku alipofariki baba yake. Akanyoosha mkono, nikamwinua.

Tulikodi gari. Mkunga aliingia akiwa na kiatu kimoja cha kazi na ndala moja ya dukani kwetu. Gundi aliingia ameshika kalibu mkononi. Nadhani hakujua kwamba ameishika.

Hospitalini walimfunga wifi ule mkanda wa presha mkononi. Nesi alisoma, akapima tena. Mia na sabini juu, mia na kumi na tano chini. Walipima mkojo, wakakuta protini nyingi. Daktari alikuja haraka.

"Miguu ilianza kuvimba lini?" aliuliza.

Mimi, msemaji wa nyumba, nikamgeukia Gundi. Gundi aliinua kalibu, akamwonyesha daktari vipande vitatu, na siku za kila kimoja. Daktari aliandika yote.

"Uvimbe peke yake hautoshi kuniambia kitu," alisema. "Wajawazito wengi huvimba miguu na wako salama. Lakini uvimbe unaokwenda mbio hivi, na kichwa, na macho, na presha hii, ni hatari kubwa. Ugonjwa huu unaelekea kwenye kifafa cha mimba."

Walimdunga sindano ya kuzuia degedege na kumpa dawa ya kushusha presha. Sisi tukabaki nje kwenye benchi. Gundi alikaa, akasimama, akakaa. Mimi nilihesabu vigae vya sakafu na kupotea njiani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi sikusubiri hata mtoto azaliwe, mjukuu wangu nilishampata.

Mkunga alikuja kukaa nasi.

"Sista," nilimwambia, "huyu si mgeni wa leba. Alizaa salama kabisa. Sasa hii imetoka wapi?"

"Mtoto wa kwanza baba yake ni fundi?"

"Hapana. Ni marehemu."

"Basi sikilizeni." Alimgeukia Gundi. "Mwili una kinga. Hiyo ni kama walinzi wa mlangoni. Wakiona kitu kigeni, wanakipiga. Sasa mtoto tumboni ni nusu mama, nusu baba. Ile nusu ya baba ni ngeni kwa mwili wa mama."

Gundi alikunja uso. "Kwa hiyo walinzi wanampiga mtoto?"

"Kwa kawaida hapana. Mimba inapoanza, walinzi hutulia. Tena wengine hufanya kazi ya kumsaidia. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto, hujishika ndani ya mfuko wa uzazi. Pale mishipa ya damu ya mama inatakiwa ipanuke ili damu ya kutosha ipite. Walinzi wa mama husaidia kuipanua."

"Kama ngozi iliyoloweshwa," Gundi alisema.

"Umenielewa kuliko wanafunzi wangu. Lakini mara nyingine walinzi na mgeni hawaelewani vizuri. Mishipa inabaki myembamba. Kondo linakosa damu ya kutosha. Likisumbuka, linamwaga vitu kwenye damu ya mama, na vitu hivyo vinaumiza mishipa mwili mzima. Presha inapanda. Figo zinavujisha protini. Mwili unavimba. Ubongo ukifikiwa, mama anapata degedege."

"Na mara ya kwanza?"

"Wataalamu wanadhani kinga ya mwanamke humzoea baba wa mtoto kidogo kidogo. Ilimzoea marehemu. Fundi hapa ni mgeni mpya, kwa hiyo mwili umeanza upya kama mimba ya kwanza. Na kati ya mimba hizi mbili imepita miaka mingi. Hiyo nayo huongeza hatari. Bado wanachunguza, hawajajua yote. Lakini kuzaa salama mara moja si hati ya kuzaa salama siku zote."

Gundi aliinamisha kichwa. "Basi mimi ndiye niliyemdhuru."

"Hapana!" mkunga alisema kwa ukali. "Hakuna mwenye kosa la kuwa baba. Wanawake wengi wanabadilisha waume na wanazaa salama. Kosa ni kutopima. Presha haionekani kwa macho, na wengine inawapanda bila kuvimba hata kidole."

Nikaona niokoe jahazi. "Kama shida ni kinga, jirani yangu anauza unga wa kuongeza kinga. Nikamletee?"

Mkunga alishika kichwa. "Mama yangu, usithubutu! Kinga yake haikupungua. Imekosa kupatana na mimba, basi. Unga hautaipatanisha, na unaweza kumdhuru."

Nikafunga mdomo. Gundi alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyesikia cherehani imezimika.

"Sasa dawa yake ni nini?" aliuliza.

"Zile sindano zinamlinda tu. Ugonjwa wenyewe hautulii mpaka kondo litoke, na kondo halitoki mpaka mtoto azaliwe. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni lazima atoke ndipo mwenyeji apone. Daktari ameamua azaliwe leo."

"Miezi haijatimia," Gundi alisema.

"Haijatimia. Atakuwa mdogo. Lakini kumwacha ndani kutawaponza wote wawili."

Walimpeleka chumba cha upasuaji. Gundi alisimama mlangoni, habanduki, mpaka mlinzi akamwomba asogee. Saa ile ilikuwa ndefu kuliko mwezi mzima wa viatu vya kiwanda. Niliomba nisamehewe kila neno nililowahi kusema katika maisha yangu, na ni mengi.

Kisha tukasikia kilio. Kilikuwa chembamba, lakini kilikuwa na hasira.

Mkunga alitoka. "Mtoto wa kike. Kilo mbili kasoro kidogo. Anapumua vizuri."

"Wa kike?" nilisema.

"Wa kike, dada," Gundi alisema huku machozi yanamtoka. "Wewe endelea tu kutabiri."

"Na mke wangu?" akamuuliza mkunga.

"Yuko hai. Lakini hatujamaliza. Hata baada ya kuzaa, degedege inaweza kuja. Tutamwangalia."

Walimwangalia siku saba. Presha ilishuka polepole. Mtoto tulimweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na akaanza kunyonya kama mtu aliyecheleweshewa chakula chake. Siku ya kuondoka, daktari alimweleza wifi mambo mengi. Aendelee kurudi kupima presha. Asibebe mimba nyingine haraka. Na akibeba, aje kliniki mapema, kabla ya miezi mitatu kwisha, aseme yote yaliyompata. Daktari anaweza kumpa aspirini kidogo kila siku ili kupunguza hatari. "Daktari," alirudia akinitazama mimi, "si jirani."

Nadhani mkunga alikuwa ameshamsimulia.

Nyumbani Gundi alirudisha kalibu kwenye rafu. Miguu ya wifi iliponywea kidogo, alibandua kipande cha juu. Baada ya wiki akabandua cha katikati. Cha mwisho alikiacha mpaka wiki ya sita, siku wifi alipotoka kliniki na kadi yenye presha ya kawaida. Alikibandua mbele yetu. Kisha akatuambia maneno mengi kuliko aliyowahi kusema kwa siku moja.

"Mimi niliona kabla ya watu wote. Niliona kwa mikono yangu. Nikapanua kiatu."

Wifi alimshika bega. "Uliona, fundi. Siku nyingine uulize."

Siku hizi ukutani kwetu pana kibao. Gundi alikiandika mwenyewe kwa rangi: MJAMZITO, PIMA PRESHA KWANZA, KIATU BAADAYE. Mjamzito akija na kiatu kinachobana, Gundi anaomba kadi ya kliniki. Kama hajapima karibuni, kiatu hakiguswi. Wengine hukasirika.

Juzi alikuja mwanamke mmoja, mwalimu. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Aliweka viatu mezani.

"Panua hivi," alisema.

"Kadi, mwalimu," Gundi alisema.

"Kadi ya nini? Nimekuja kwa fundi viatu au kwa daktari? Huyu ni mtoto wangu wa nne. Kuzaa nakujua."

Wifi aliinuka kwenye cherehani, mtoto amefungwa mgongoni. Alipiga magoti mbele ya mwalimu, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Wifi akainua uso.

"Dada, kichwa kinakuuma?"

"Kidogo. Tangu juzi."

"Na hizo mimba tatu za kwanza, ulikuwa hivi?"

Mwalimu alifungua mdomo ajibu kwa hasira. Akaufunga. Akatazama miguu yake.

"Hapana," alisema. "Sikuwa hivi."

Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye neno kila wakati. Nilikuwa nimeshaweka kisu chini. Nilichukua mkoba wa mwalimu, nikamshika mkono, tukatoka kwenda hospitali.